Barua tatu za udaktari kwenye bahasha moja

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa mtaa wetu hapa Section 58, Nakuru, alinijia na bahasha ya kaki ameibana kwapani. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili, na kila mwaka vijana wakianza kuitwa vyuoni sebule yangu hugeuka ofisi. "Mwalimu," akaniambia kabla hata ya kuketi, "huyu mtoto ameitwa udaktari mara tatu. Tushike wapi, tuache wapi?"

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuoni: amepangiwa Chuo Kikuu cha Maseno, shahada ya udaktari na upasuaji, masomo Kisumu. Ya pili ilitoka chuo cha binafsi: nafasi ipo, alipe awamu ya kwanza mapema kabla haijachukuliwa. Ya tatu haikuwa barua hata kidogo. Ilikuwa ujumbe wa WhatsApp wa mjomba wake, ambao mama alikuwa ameupeleka saiba ukachapishwa: ahamie Egerton alale nyumbani, na ikishindikana Egerton basi Moi, Eldoret, Kisumu ni mbali. Kijana mwenyewe alisimama mlangoni akikwaruza rangi ya fremu kwa ukucha.

Hapo kazi ya kwanza ni kuhesabu upya. Zile tatu zilikuwa mbili na nusu.

KUCCPS, ile taasisi iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, humpa mwanafunzi nafasi moja tu. Anajaza machaguo kadhaa, mashine inalinganisha pointi zake za klasta na za wenzake waliotaka kozi ile ile, kisha inamweka mahali. Pointi hizo huhesabiwa juu ya 48, na kwa udaktari zinatokana na Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. (Naam, Kiswahili. Kila mwaka kuna mwanafunzi wangu anayegundua hilo akiwa ameshachelewa.) Kwa hiyo uchaguzi halisi wa vyuo vya umma hufanyika wakati wa kujaza fomu, miezi kadhaa kabla ya barua kufika. Kuhama kutoka chuo hadi chuo kupo, KUCCPS hufungua dirisha lake, lakini hilo ni ombi. Sharti pointi zako zifikie za yule wa mwisho aliyechukuliwa kule unakotaka, na sharti kuwe na kiti kitupu. Udaktari si kozi ya viti vitupu. Ujumbe wa mjomba, basi, ulikuwa nusu barua. Ile ya chuo cha binafsi ni barua kamili, ila inasomwa kwa kikokotoo mkononi, nami nitaifikia.

Kabla ya kuuliza tofauti iko wapi, ni vizuri kujua isipokuwepo. Shule zote za udaktari nchini ziko chini ya jicho la Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Baraza hukagua shule na hospitali zake, huamua shule ichukue wanafunzi wangapi, na ndilo linalotoa leseni. Aliyefuzu Maseno, Egerton, Moi, Nairobi au Masinde Muliro kule Kakamega hupata usajili ule ule na huanza na ngazi ile ile ya mshahara serikalini. Hata ule mwaka wa uanagenzi unaofuata baada ya kufuzu haugawiwi na chuo. Wizara ya Afya ndiyo inayowapanga madaktari wanagenzi hospitalini, na aliyesomea Kisumu anaweza kujikuta Voi au Garissa. Wazazi wengi hudhani kwamba ukisomea karibu na hospitali fulani utaajiriwa hapo. Sivyo.

Mbona basi mjomba ana msimamo mkali hivyo? Kwa sababu anakumbuka nchi nyingine. Kabla ya 1967 Mkenya aliyetaka udaktari alipanda treni kwenda Makerere, Kampala. Mwaka huo Nairobi ikaanza shule yake, na kwa zaidi ya miaka ishirini ikabaki peke yake, mpaka Moi ilipofungua ya pili mjini Eldoret. Watu wa rika la mjomba walikua wakijua shule mbili: moja kubwa na moja changa. Shule za Nakuru, Kisumu na Kakamega zilikuja baadaye, na katika kichwa cha mjomba bado zinabisha hodi. Orodha yake ya vyuo ni ya haki kabisa kwa mwaka 1995.

Mimi humwambia mzazi asahau lango la chuo, atazame lango la hospitali. Miaka ya mwanzo ya udaktari, ile ya anatomia, fiziolojia na biokemia, inafanana sana kila mahali. Kitabu ni kile kile, na maiti ya maabara haijui ni ya chuo gani. Ni kuanzia mwaka wa tatu au wa nne, mwanafunzi anapovaa koti jeupe na kuingia wadini, ndipo njia zinapoachana. Huko anajifunza kwa kumhoji mgonjwa, kumpapasa tumbo, kusikiliza kifua, kisha kusimama mbele ya daktari bingwa saa mbili asubuhi na kueleza alichokiona huku magoti yakigongana. Anayeingia kwenye kundi la wanafunzi watano kando ya kitanda atausikia moyo wa mgonjwa. Anayeingia kwenye kundi la ishirini atasikia habari za moyo wa mgonjwa.

Hapa Nakuru hospitali ya kufundishia ni ile ya rufaa ya kaunti, ambayo sisi wenyeji bado tunaiita PGH, yaani hospitali kuu ya mkoa, ingawa mikoa iliondoka na katiba ya zamani. Egerton ina kampasi kuu Njoro, lakini kitivo chake cha afya kiko Nakuru mjini kwa sababu hiyo hiyo: wagonjwa wako mjini. Maseno nayo inafundishia Jaramogi Oginga Odinga, Kisumu. Mwambie bodaboda wa Kondele "Jaramogi" atakufikisha. Mwambie "Russia" atakufikisha bila kuuliza swali la pili, maana ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti miaka ya 60 na jina likaganda. Eldoret kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambayo ni shirika la serikali ya kitaifa.

Hili la nani anamiliki hospitali huonekana dogo, lakini lina uzito. Tangu ugatuzi wa 2013 hospitali ya rufaa ya kaunti iko chini ya gavana, ilhali mhadhiri ni mwajiriwa wa chuo. Katika wadi moja unaweza kumkuta daktari bingwa anayelipwa na kaunti na mwenzake anayelipwa na chuo kikuu, na mwanafunzi akawa wa huyu wa pili tu. Palipo na maelewano, wote wawili humfundisha. Yasipokuwepo, mwanafunzi hubaki akishika faili. Hakuna kijitabu cha chuo kitakachokuambia hali ikoje mwaka huu. Mwanafunzi wa mwaka wa tano atakuambia, tena kwa dakika mbili.

Halafu kuna wagonjwa wenyewe. Daktari hujengwa na magonjwa aliyoyaona akiwa bado anaruhusiwa kukosea mbele ya mwalimu wake. Nakuru imekaa juu ya barabara kuu ya kwenda Uganda. Salgaa na Sachangwan ni majina ambayo kila dereva wa lori anayajua, na ni hapo Sachangwan, Januari 2009, lori la mafuta lilipolipuka na kuua watu zaidi ya mia moja. Mji wenye barabara kama hiyo hauishiwi na mifupa iliyovunjika, vichwa vilivyopasuka na majeraha ya moto. Kisumu ni habari nyingine. Kanda ya ziwa ndiyo yenye malaria nyingi zaidi nchini, na ndiyo maana chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa Kenya mwaka 2019 ilianzia huko magharibi. Selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu zilizopinda kama mundu, ni jambo la kila siku katika wadi za watoto za Nyanza na Magharibi, wakati mwanafunzi wa Nyeri anaweza kuusoma zaidi kuliko kuuona. Anayependa watoto na magonjwa ya kuambukiza hana hasara yoyote Kisumu.

Eldoret wanafika wale walioshindikana kwingine: saratani, figo, upasuaji mgumu, kutoka Turkana hadi Busia. Pana pia AMPATH, ushirikiano wa Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ambao ulianza mwishoni mwa miaka ya 80 kwa kubadilishana walimu na wanafunzi, kisha ukawa maarufu kwa huduma za Ukimwi. Mjomba hakukosea kuisifu. Lakini hospitali kubwa ina foleni yake. Huko kuna madaktari wanaosomea ubingwa, na upasuaji wa kidole tumbo ukija, mkono wao unatangulia wa mwanafunzi. Kwenye hospitali yenye foleni fupi, mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuitwa ashike uzi. Nisiposema hivi nitakuwa nimewaacha watu na ile imani kwamba kikubwa ni bora kila wakati. Kwa shahada ya kwanza, mimi naona wingi wa wagonjwa wa kawaida pamoja na mwalimu aliyepo unashinda mashine ya bei kali iliyofungiwa chumbani.

Jambo jingine la Eldoret ambalo wazazi hawaliulizi ni namna ya kufundisha. Tangu mwanzo Moi ilijijenga juu ya kujifunza kwa kutatua matatizo. Badala ya mhadhara mmoja baada ya mwingine, wanafunzi huketi kikundi kidogo, wanapewa kisa, tuseme mwanamke mwenye mimba ya miezi minane anayeumwa kichwa na kuvimba miguu, kisha wanakwenda kutafuta wenyewe fiziolojia, dawa na hatari zilizomo, warudi waelezane mwalimu akiwasikiliza. Pia hupelekwa vituo vya afya vijijini kuishi na kazi ya huko. Kijana aliyezoea kuchimba mwenyewe hufurahi. Aliyepata A yake kwa kukariri maswali ya mitihani ya zamani, na tusidanganyane, wapo wengi na sisi walimu ndio tuliowazoesha, huhangaika muhula wa kwanza mzima akiuliza notisi ziko wapi. Nilimuuliza yule kijana mlangoni anasomaje. Mama akajibu kwa niaba yake kwamba anasoma sana. Nikarudia swali, safari hii nikimtazama yeye. Akasema huwa anachora michoro ukutani kwa makaa, halafu anamfundisha mdogo wake. Hilo lilinipa habari nyingi kuliko pointi zake.

Sasa pesa. Mfumo mpya wa ufadhili uliotangazwa Mei 2023 uliacha kuwapa wote kiasi sawa. Familia hujaza maswali kuhusu kipato chake, kisha huwekwa katika moja ya makundi matano, na kundi ndilo linaloamua ufadhili usiorudishwa ni asilimia ngapi ya gharama ya kozi, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, asilimia ngapi, na nyumbani mtoe ngapi. Kama makundi hayo yalivyotangazwa, kundi la kwanza nyumbani hutoa asilimia 5, na la tano asilimia 40. Mahakama Kuu iliuharamisha Desemba 2024, kisha Mahakama ya Rufaa ikasitisha hukumu hiyo, kwa hiyo anayepiga hesabu leo ahakikishe kwenye ukurasa wake mwenyewe wa maombi badala ya kutegemea gazeti la mwaka juzi.

Kinachowaponyoka wengi ni neno asilimia. Asilimia ya nini? Ya gharama ya kozi, na udaktari ni miongoni mwa kozi ghali kupita zote, tena kila chuo kina bei yake. Tuchukue mfano wa kufundishia tu: kozi ya shilingi 600,000 kwa mwaka. Familia ya kundi la kwanza inatoa 30,000, jumla 180,000 kwa miaka sita. Ya kundi la tano inatoa 240,000, jumla 1,440,000. Watoto wawili, dawati moja. Kabla ya kulinganisha Maseno na Egerton, basi, jua kwanza umewekwa kundi gani, na ukiona umewekwa pabaya, kata rufaa. Dirisha la rufaa lipo, na wanaolitumia ni wachache kuliko wanaonung'unika. Yule mama huuza mitumba Jumatano na Jumamosi. Alikuwa amewekwa kundi la juu kwa sababu, alivyosimulia, kijana alijaza fomu kwa haraka na kuandika kipato cha mjomba kama cha nyumbani. Hapo ndipo tulipotumia nusu saa ya jioni ile, na ndiyo nusu saa iliyokuwa na faida kuliko zote.

Ufadhili usiorudishwa umetengwa kwa vyuo vya umma. Anayekwenda cha binafsi anaweza kuomba mkopo wa HELB, ila sehemu kubwa ya karo itatoka nyumbani, na karo ya udaktari huko ni mamia ya maelfu kila mwaka. Sisemi kwamba ni upotevu. Kisumu yenyewe ina Uzima, chuo cha Kanisa Katoliki, kinachofundisha udaktari, na kwa kijana aliyekosa nafasi ya umma kwa pointi nusu huo unaweza kuwa mlango wa haki. Mwenye nafasi ya umma mkononi ndiye ninayemwuliza ananunua nini cha ziada. Jibu la kawaida ni "hakuna migomo". Lina ukweli nusu. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma wa Septemba hadi Novemba 2025 haukuwagusa wa binafsi. Lakini madaktari wanapogoma, kama zile siku 100 za 2016 hadi 2017, au siku 56 za kuanzia Machi 2024, wadi za umma hubaki tupu kwa kila mwanafunzi anayefundishwa humo, awe wa chuo gani. Kwa hiyo muulize karani wa udahili: wanafunzi wenu wa mwaka wa nne wako hospitali gani leo hii, na wanaigawana na shule ngapi nyingine? Akianza kukueleza habari za maktaba mpya, umeshajibiwa.

Waliopata barua ya Uganda nao ni wengi kule magharibi. Busia ni karibu kwao kuliko Nairobi, na shahada huko ni miaka mitano. Mabaraza ya udaktari ya Afrika Mashariki hukagua shule kwa pamoja na kutambuana, lakini si kila shule imepita ukaguzi. Tafuta jina lake kwenye orodha ya KMPDC kabla ya kulipa hata shilingi ya fomu. Aliyesomea nje kabisa ya kanda atakalishwa mtihani akirudi kabla ya kuruhusiwa uanagenzi, na ajiandae kwa hilo tangu siku ya kwanza.

Bado kuna swali moja ambalo sijawahi kumsikia mzazi akiliuliza: miaka sita ya kwenye karatasi huwa mingapi? Kati ya mitihani ya marudio, ile wanayoiita sapu, na migomo ya kila upande, darasa linaweza kuchelewa mwaka mzima kuliko darasa la chuo jirani lililoanza siku moja nalo. Baada ya hapo kuna kusubiri kupangiwa uanagenzi. Mgogoro wa 2024 kwa sehemu kubwa ulikuwa juu ya wanagenzi: mkataba wa 2017 uliwapa zaidi ya shilingi 200,000 kwa mwezi, serikali ikataka kulipa 70,000, na huku wakibishana waliofuzu walikaa nyumbani na shahada zao. Chuo hakiwezi kuondoa kusubiri huko. Lakini mwaka uliopotea chuoni kwa ratiba mbovu ni mwaka wa karo, wa kodi ya chumba, na wa mshahara usiokuja. Ulizia darasa lililofuzu karibuni liliingia lini.

Nilimwandikia kijana maswali hayo nyuma ya ule ujumbe wa mjomba, kwa kuwa ndio uliokuwa na nafasi. Nikamwambia aende Kisumu siku ya kazi, si Jumamosi, afike Jaramogi kabla ya saa mbili asubuhi, asimame kwenye ujia wa wadi za watoto na kuwatazama wanafunzi wakiingia: ni wangapi kwa kila kitanda, nani anaongoza raundi, nani anaulizwa maswali. Akitoka hapo awatafute wa mwaka wa tano kwenye kibanda cha chai, maana wa mwaka wa kwanza bado wamependa koti. Kisha afanye vivyo hivyo hapa PGH, ambako nauli ni ya matatu ya mjini tu.

Alirudi baada ya wiki, na karatasi imejaa pande zote mbili, nyingine imeandikwa kwenye ukingo. Alikuwa amekataa wazo la kuhama. Chumba alikiona, pa kula pia, na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tano alikuwa amemwonyesha jinsi ya kuusikia mnguruko wa moyo kwa sikio lake mwenyewe kabla hajaujua kwa jina. Rufaa ya kundi la ufadhili ilikuwa bado haijajibiwa, na mama alishaanza kuhesabu marobota. Mjomba alituma nauli ya kuripoti, pamoja na ujumbe mwingine mrefu. Huo haukupelekwa saiba.